Kaka yangu anasema uzee hauna dawa: je, tumwache mama bila tiba?

SUALI

Assalaamu alaykum sheikh. Mimi ni mkaazi wa Ng'ambo, Unguja, naishi na mama yangu mwenye miaka 79. Ana presha na sukari, macho yote mawili yana mtoto wa jicho, na Mfunguo Sita uliopita alipata kiharusi, mkono na mguu wa kushoto ukalegea. Akili yake ipo. Daktari ametwambia macho yanafanyiwa operesheni, moja kwanza kisha la pili, na mkono na mguu vinataka mazoezi. Nina kaka wawili, mmoja yuko Muscat, mwengine Dar es Salaam. Yule mkubwa wa Muscat amekataa katakata. Anasema Mtume (s.a.w.) amesema kila ugonjwa una dawa isipokuwa uzee, basi kumpeleka mama hospitali ni kumsumbua na kushindana na qadar, yaani majaaliwa ya Mwenyezi Mungu, na pesa hizo bora zitolewe sadaka. Nilipoomba tumlipe mwanamke anisaidie kumkogesha na kumnyanyua, maana mgongo wangu umekwisha, akasema mwenye kumpa mama yake mtu wa mshahara haipati radhi. Mimi nimeachika, nina watoto wawili, nachoma vitumbua alfajiri. Wiki iliyopita mama alimwaga uji mara ya pili, nikampigia kelele. Akanyamaza siku nzima. Je, nimeshakuwa mwana mwasi? Na kaka yangu ana haki katika anayoyasema?

JAWABU

Wa alaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakaatuh. Mwanangu, suali lako nimelitanguliza mbele ya mengine yaliyokuwa yakisubiri, kwa sababu hadithi hii nimeshaisikia ikitumiwa hivyo hivyo na watu watatu mwaka huu, na mmoja wao alikuwa juu ya mimbari.

Hadithi ipo. Wameipokea Abu Dawud, Tirmidhi na wengineo kutoka kwa Usama bin Sharik (r.a.). Mabedui walimwendea Mtume (s.a.w.) wakamuuliza: Tujitibu? Akawajibu: Jitibuni enyi waja wa Mwenyezi Mungu, kwani Mwenyezi Mungu hakuweka ugonjwa ila ameuwekea na dawa, isipokuwa ugonjwa mmoja, nao ni uzee. Sasa tazama alichokifanya kaka yako. Kashika mkia, kichwa kakitupa. Hadithi inaanza kwa amri: jitibuni. Watu walikuja kuuliza ruhusa ya tiba wakaondoka nayo. Yeye kaisoma kana kwamba waliambiwa warudi majumbani wakalale.

Na kilichoambiwa hakina dawa ni kitu gani? Ni uzee wenyewe, ule unaoutafuna mwili siku baada ya siku, ambao Mwenyezi Mungu ameutaja katika Suratur-Rum, aya ya 54: amekuumbeni katika udhaifu, akajaalia nguvu baada ya udhaifu, kisha akajaalia udhaifu na mvi baada ya nguvu. Huo hauna kidonge. Hakuna daktari wa kumchukua mtu wa miaka 79 akamrejesha kwenye arubaini, na atakayekuuzia dawa ya namna hiyo mkimbie. Lakini mtoto wa jicho si uzee. Ni kioo kidogo ndani ya jicho kilichoingia ukungu, nacho hutolewa kikawekwa kingine, mara nyingi kwa ganzi ya jicho tu, na wengi hurudi nyumbani siku ile ile. Presha si uzee. Muulize kaka yako kama huko Muscat hamjui mtu hata mmoja wa miaka thelathini na tano anayemeza dawa za presha. Sukari inawapata hata watoto wa skuli. Maradhi yakimkuta kijana yanaitwa maradhi na anakimbizwa hospitali. Yakimkuta mama yake yanabadilishwa jina yaitwe uzee. Nani aliyeyabadilisha jina? Hadithi haikuyabadilisha.

Tena imepokewa kwamba Urwa alistaajabu ujuzi wa tiba aliokuwa nao mama yake mdogo, mama yetu Aisha (r.a.), akamuuliza kaupata wapi. Akamwambia kuwa Mtume (s.a.w.) mwisho wa umri wake alikuwa akiugua, wajumbe wa Waarabu wakija kutoka kila upande wanamweleza dawa, na yeye Aisha ndiye akimtibu kwazo. Mwisho wa umri wake, yaani alipokwisha pita sitini. Angelikuwa kaka yako ndiye msimamizi wa nyumba ile, angewaambia nini wajumbe wale?

Nitakwambia jambo langu mwenyewe, ingawa naona haya. Miaka kadhaa nyuma mama yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alianza kupotewa na maneno. Kwa siku mbili tu. Ananiita kwa jina la mjomba wangu aliyekwisha kufa, anauliza meli ya Pemba imefika, anafungua kanga na kuifunga, anafungua na kuifunga. Sote tukasema ndio kukharifu kumekuja, uzee huo, tumwombee. Mimi mwenyewe nilisoma aya ya ardhalil-umur, ule umri dhalili wa mwisho, pale kitandani, nikajiona nimefanya la sheikh. Jirani yetu mmoja muuguzi aliyestaafu ndiye aliyetugombeza. Akasema akili ya mzee ikipotea ghafla, kwa siku na si kwa miaka, hiyo mara nyingi ni dalili ya ugonjwa, mpimeni mkojo, mwangalieni kama anakunywa maji. Kwenye mkojo pakakutikana maambukizo. Akapewa dawa, akanyweshwa maji, na siku ya nne akaniuliza kwa nini wali wa jana haukutiwa chumvi. Aliishi miaka sita baada ya hapo na akili zake. Nikikumbuka aya ile niliyoisoma na kikombe cha maji kilichokuwa mbali na mkono wake, hujiuliza ningejibu nini.

Kaka yako akizidi kubisha atakuletea hadithi ya mwanamke mwenye kifafa, nayo ni sahihi, iko kwa Bukhari na Muslim. Alimwomba Mtume (s.a.w.) amwombee apone, akamwambia: ukitaka utasubiri upate Pepo, na ukitaka nitakuombea upone. Akachagua kusubiri. Kwa hadithi kama hii wanavyuoni wengi, na sisi wa madhehebu ya Shafi tukiwa miongoni mwao, hawakusema kujitibu ni wajibu kwa kila hali. Walisema ni sunna. Hilo nalikubali. Ila angalia nani aliyechagua. Alichagua mgonjwa mwenyewe, baada ya kuelezwa njia zote mbili. Hakuchaguliwa na kaka yake, wala na mtoto wake aliye safari ya mbali anayetuma ujumbe wa sauti. Subira ni ya mwenye maumivu. Mtu kuvumilia maumivu ya mwenzake sijaona kitabu kinachoiita subira. Wahenga walishasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Na hapa nina la kukuuliza hata wewe. Nimeisoma barua yako mara tatu, nimejua anachosema daktari, anachosema kaka, unachotaka wewe. Mama anasemaje? Umesema akili yake ipo. Basi macho ni yake na mguu ni wake. Kaa naye baada ya Asri, umweleze pole pole operesheni inavyokuwa, umwache aulize, umwache aogope. Akikubali, hapana mtoto mwenye haki ya kumzuia. Akikataa operesheni ya macho baada ya kufahamu, mbembelezeni, mleteeni mzee mwenziwe aliyekwisha fanyiwa amsimulie, lakini msimlazimishe. Dawa za presha na sukari ni jambo jengine. Kuziacha kunaweza kumletea kiharusi cha pili, na Baraza la Fiqhi la Kiislamu, la wanavyuoni wa sheria kutoka nchi mbalimbali, lilipokaa Jeddah mwaka 1992 lilipitisha kwamba tiba inakuwa wajibu pale ambapo kuiacha kunapelekea mtu kufa, kupotea kiungo chake au kushindwa kukitumia. Mimi naifuata rai hiyo, na mazoezi ya mkono na mguu nayaingiza humo humo, maana miezi ya mwanzo baada ya kiharusi ndiyo yenye faida kubwa. Msiyaakhirishe hadi kaka aridhike.

Ama pesa. Sadaka ni sunna, nafaka, yaani matunzo, ya mzazi asiyejimudu ni faradhi juu ya mtoto mwenye uwezo, na faradhi haiachwi kwa ajili ya sunna. Vitabu vyetu vya Kishafi vinapotaja nafaka ya wazazi haviishii kwenye chakula na nguo. Vinataja ujira wa tabibu na thamani ya dawa, na mtumishi kama mzazi anamhitaji kwa ugonjwa au ulemavu. Kwa hivyo kaka wa Muscat na wa Dar es Salaam wanadaiwa, kila mmoja kwa wasaa wake, na wewe mwenye vitumbua hudaiwi usichokuwa nacho. Mikono yako peke yake imeshalipa mengi. Wasitoe zaka kwa kazi hii, kwani zaka haimlipii mtu nafaka iliyo juu ya shingo yake. Wala wasikwambie bi mkubwa ana Pensheni Jamii, ile ya serikali ya Zanzibar kwa wazee. Hizo ni pesa zake, zitumike kwa haja zake, lakini pensheni ile ilipoanza Aprili 2016 kwa waliofika miaka 70 ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwezi, na hata ikiongezwa haiajiri mtu.

Nitasema na hili, atakayekasirika akasirike. Tunawajua watoto ambao mama akiwa hai hupatikana kwa shida pesa ya vipande vya kupimia sukari, na siku ya tatu ya matanga anachinjwa ng'ombe, wali unapakuliwa kwa masinia, tiketi ya ndege kutoka Arabuni imepatikana usiku mmoja. Gharama ya ng'ombe yule ingemfungua mama macho akawaona.

Kuhusu kumlipa mwanamke akusaidie, kaka yako amesema jambo zito kwa Mwenyezi Mungu bila elimu. Soma Suratul-Qasas. Nabii Musa (a.s.) alipofika Madyan aliwakuta mabinti wawili wamezuia wanyama wao, akawauliza wana nini. Wakasema hatunyweshi mpaka wachunga waondoke, na baba yetu ni mzee sana. Ni hali kama yako: baba hawezi, watoto wa kike wamebeba. Kisha binti mmoja akamwambia baba yake: Ee babangu, muajiri, hakika mbora wa kumuajiri ni mwenye nguvu, mwaminifu. Binti ndiye aliyetaka mtu wa ujira aingie nyumbani kuwapunguzia kazi, na Qur'ani imelihifadhi neno lake pamoja na sharti zake. Baba hakumwambia amekosa radhi. Tafuta basi mwanamke mwenye nguvu za kunyanyua na mwaminifu wa kusitiri, akijue kiungo cha kushika wakati wa kunyanyua, ule mkono uliolegea usivutwe. Mambo ya kumsafisha yawe ya wanawake madamu wapo. Na wewe usimwachie kila kitu. Lile la kumlisha na kumpaka mafuta libaki lako kama unaliweza, kwa kuwa mama anajua mkono wa nani umemgusa.

Tena radhi ya mama iko kwa mama. Haikukabidhiwa kwa kaka mkubwa awe anaigawa kwa simu.

Sasa lililokuliza. Ndiyo, kumpigia mama kelele ni kosa, na aya ya 23 ya Suratul-Israa inakataza hata "uff", sitaki nikupunguzie. Lakini watu husoma aya ya 23 na ya 24 wakafunga msahafu. Endelea kwenye ya 25: Mola wenu anayajua zaidi yaliyomo nyoyoni mwenu, mkiwa wema, basi Yeye kwa wenye kurejea ni Mwingi wa kusamehe. Imekuja papo hapo, imeshikana na aya za wazazi. Said bin Jubayr, mwanafunzi wa Ibn Abbas, ameifasiri kuwa ni yule mtoto anayeponyokwa na neno mbele ya wazazi wake huku moyoni hataki ila kheri. Mwenyezi Mungu anamjua mtu aliyeamka saa tisa kukoroga unga wa vitumbua, akamgeuza mama, akawapeleka watoto skuli, akarudi kumlisha uji. Huo si uasi unaotajwa pamoja na madhambi makubwa. Ni kuchoka. Mwombe msamaha leo, kwa maneno, usiseme atakuwa ameshasahau. Na kikombe cha uji kisijazwe, mpe nusu nusu, upande wa mkono wake mzima.

Kuhusu ibada umeniuliza kwa ujumbe wa pili, nitafupisha. Aswali amekaa, akishindwa kwa ubavu, kama Mtume (s.a.w.) alivyomwelekeza Imran bin Husayn. Ikiwa mkojo haumshiki na anavaa pampasi, abadilishwe na kusafishwa ukishaingia wakati, atawadhishwe, aswali hapo hapo, na kinachotoka baada ya hapo hakimdhuru. Kubadilisha mara tano kukiwa mashaka, wapo maimamu wanaoruhusu mgonjwa kukusanya Adhuhuri na Alasiri, Magharibi na Isha, na mimi namruhusu. Ramadhani, kama daktari amesema kwa sukari yake hawezi kufunga na haitarajiwi kupoa, anatoa kibaba cha mchele kwa kila siku. Watoto wanaweza kumtolea kwa idhini yake.

Jawabu hili mpelekee kaka yako lote, usimkatie. Akiwa na hoja ya kielimu namba yangu unayo, na mimi nitamsikiliza. Ila miadi ya jicho la kwanza usiiakhirishe kwa ajili ya mjadala wetu.