Mwisho wa juma kwa mwalimu mgeni Kigoma

Ndugu Mwalimu, umetuuliza utumieje siku za mapumziko, ukiwa umetoka Ireland kuja kufundisha Kiingereza hapa Kigoma. Jumamosi fika mapema mwaloni, yaani ufukweni zinakotia nanga boti za wavuvi, Ujiji, mji ambao mwanahabari Stanley alimkuta mmisionari na mvumbuzi Livingstone mwaka 1871, uwaone akina mama wakianika dagaa na kuwageuza kwa mkono kabla jua halijawa kali. Ukianza kwa shikamoo na kukaa nao kidogo, Kiswahili utakachokipata hapo, kwa maoni yangu, kinashinda cha kitabuni. Hifadhi ya Gombe, ambako mtafiti Jane Goodall alianza kuwachunguza sokwe mwaka 1960, hufikiwa kwa boti, hivyo ulizia kwanza hali ya Ziwa Tanganyika. Jumapili fua, sahihisha madaftari, kisha ule ugali kwa migebuka, samaki wa ziwa hilo, iliyoungwa kwa mawese.