Oili Inavuja, Lakini Inatoka Wapi?

SWALI: Assalaam alaykum, fundi. Nina lori dogo la zamani, Toyota Dyna la dizeli, ninalobebea ndizi na mihogo kutoka Konde hadi Chake Chake. Kwa miezi kadhaa sasa kila asubuhi nakuta oili chini ya injini, na kila wiki naongeza lita moja. Fundi wa kwanza alibadilisha gasketi ya sampo, lile bakuli la oili chini ya injini. Wa pili alishusha giaboksi akabadilisha sili ya nyuma ya krenki, ule mpira unaozuia oili mwishoni mwa mhimili wa injini. Oili bado inatoka, na sasa naambiwa injini imekwisha, ninunue nyingine. Naomba ushauri kabla msimu wa karafuu haujaingia.
Dereva, Konde, Pemba

JIBU: Waalaykumu ssalaam, ndugu yangu. Usinunue injini. Gharama uliyokwisha kuingia inaniuma, kwa sababu mafundi wote wawili walitengeneza pale oili inapodondokea, na katika barua yako sioni kwamba kuna aliyeiosha injini kwanza. Oili inayotoka juu hushuka ikiambaa na ukuta wa injini, hupeperushwa nyuma na feni na upepo wa mwendo, kisha hudondoka mahali pa chini kabisa, mara nyingi pale injini inapokutana na giaboksi, na hapo ndipo sili ya krenki isiyo na kosa hulaumiwa.

Injini ikiwa baridi, isugue yote kwa brashi na mafuta ya taa, kamwe si petroli, kisha uisuuze kwa maji ya sabuni huku alteneta (inayochaji betri) na mdomo wa kuvutia hewa vimefunikwa vizuri. Ikikauka, pakaza poda ya watoto kwenye viungo vyote, juu hadi chini. Iwashe kwa dakika 15 hivi, uizime, kisha upite na tochi na kioo kidogo ukianzia juu. Poda nyeupe itakuwa imelowa na kugeuka kahawia mahali oili inapoanzia, na alama ya juu kabisa ndiyo ya kuifuata. Usipoona kitu, endesha safari moja fupi ukiwa na mzigo, uangalie tena.

Juu kabisa kuna tapeti kava, kifuniko cha juu cha injini. Mpira wake ukizeeka huwa mgumu kama plastiki, na mafundi wengi hukaza nati zaidi badala ya kuubadilisha, hata bati la kava likapinda na kuvuja zaidi kuliko mwanzo. Liweke kava juu ya kioo au meza iliyonyooka. Likichezacheza, linyooshwe kabla ya kufungiwa mpira mpya.

Baada ya hapo, nakuomba uangalie mgongoni mwa alteneta. Katika malori mengi madogo ya dizeli ya Kijapani ya zama hizo, pampu ya vakyumu inayosaidia breki imefungwa hapo, na hulainishwa na oili ya injini inayopita katika bomba dogo na kurudi kwa mpira mnene. Mpira ule hupasuka chini ya klipu, mahali jicho halifiki, na ufa wenye urefu wa ukucha unatosha kulowesha ubavu mzima wa injini. Shika mpira ule kwa vidole, uuminye. Ukihisi mgumu au ukiona nyufa, ubadilishe kwa mpira unaostahimili oili ya moto, kwani wa maji huvimba na kulainika. Usilicheleweshe hili, kwa kuwa pampu ikikosa oili hufa, na pedali ya breki inakuwa nzito ghafla.

Swichi ya presha ya oili na filta hukaguliwa kwa dakika moja. Sampo nalo likwanguliwe kutu, hasa ikiwa lori limewahi kubeba mchanga wa pwani, kwa sababu chumvi hutoboa bati chini ya rangi.

Kabla ya kubadilisha sili yoyote, fungua kifuniko cha kutilia oili injini ikiwa sailensa, yaani ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta. Moshi kidogo ni kawaida kwa injini ya umri huo. Ukitoka kwa nguvu na kwa mapigo, safisha kwanza bomba la kupumulia, kwa sababu likiziba, hewa iliyokosa njia husukuma oili kwenye kila sili, hata mpya. Likiwa safi na moshi bado unasukuma, pistoni na ringi zimechoka, na hapo tu ndipo mazungumzo ya injini yanapoanza.

SWALI: Je, gasketi ikipakwa silikoni nyingi haitavuja kamwe?
Msomaji, Unguja

JIBU: Hapana. Silikoni inayozidi hufinywa kuelekea ndani, hukatika vipande na kuanguka kwenye sampo, kisha huziba chujio la pampu ya oili. Paka uzi mwembamba, tena pale tu kitabu cha gari kinapoagiza, kwa mfano kwenye pembe ambapo sehemu mbili zinakutana, na nyuso zote mbili ziwe kavu, bila alama ya oili.