Dramu mpya ikigoma kuingia, usishike grenda

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Land Rover 109 Series III hapa Lindi. Dramu za breki za mbele zilikuwa zimelika, nikanunua mpya mbili. Viatu vya breki ni vilevile vya zamani, bado vina nyama. Dramu zilipogoma kuingia, fundi alizisaga lainingi, ile bitana ya viatu inayosugua dramu, kwa grenda mpaka zikaingia. Sasa nikikanyaga breki gari linavuta kushoto, na nikifika Mingoyo dramu ya upande huo inapata moto sana. Fundi anasema zitajisugua zenyewe ndani ya wiki. Nifanye nini?

JIBU: Marahaba ndugu yangu. Hazitajisugua. Gari lisibebe mzigo wowote mpaka dramu zote mbili zifunguliwe tena.

Kosa lilianza kabla ya grenda kuwashwa. Nyuma ya bamba la breki, lile linaloshikilia viatu, la kila tairi la mbele la 109 kuna ajasta mbili za kurekebishia breki, moja kwa kila kiatu. Kila ajasta inazungusha kamu yenye meno, umbo lake kama konokono, inayosukuma kiatu nje kadiri lainingi inavyolika. Kamu zako zilikuwa zimesukumwa mbali ili viatu viifikie dramu iliyokwisha kupanuka. Dramu mpya ina kipenyo cha inchi 11, yaani milimita 279.4, na haiwezi kupita juu ya viatu vilivyosimama hivyo. Dawa ilikuwa kurudisha ajasta zote mbili mpaka mwisho, basi. Viatu vingerudi ndani na dramu ingeingia kwa mkono. Kama ajasta imeganda, jambo la kawaida kwa magari yanayolala kwenye hewa ya chumvi huku pwani, inapewa mafuta ya kulegeza kutu, inaachwa usiku kucha, kisha inazungushwa kwa spana inayokaa sawasawa. Haipigwi nyundo.

Sasa hilo la viatu "kuwa na nyama", ambalo naliona karibu kila gari kuukuu linapobadilishwa dramu. Unene wa lainingi ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni mviringo wake. Tuseme dramu ya zamani ilikuwa imefika milimita 281. Lainingi imejisugua miaka mingi ikafuata duara hilo kubwa. Ukiiweka ndani ya duara dogo la 279.4, inagusa kwenye ncha zake mbili tu, katikati kuna mwanya. Kila breki ya mbele ya 109 ina viatu viwili ambavyo vyote huvutwa na mzunguko wa dramu gari likienda mbele, kwa hiyo ncha ikishika, inajing'ang'aniza yenyewe. Upande ulioshika zaidi ndio unaovuta usukani, na joto lote linamwagwa kwenye vipande viwili vidogo vya lainingi badala ya kutawanyika kiatu kizima. Na hapo grenda ilikuwa bado haijagusa kitu. Ilipogusa, iliongeza mabonde, tena kushoto tofauti na kulia, kwa sababu hakuna mkono unaosaga mara nne ukapata umbo lilelile.

Vilevile lainingi nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto. Vumbi lake ni laini sana, likiingia kwenye mapafu halitoki, na linasababisha saratani. Anayesaga viatu vya kale kwa grenda, au anayepuliza dramu kwa upepo wa kompresa, anajidhuru yeye na kijana anayemshikia tochi. Lowesha vumbi kwa maji yenye sabuni, kisha futa kwa kitambaa na ukitupe kikiwa bado kimelowa.

Kwa gari lako, nunua viatu vinne vipya, seti nzima ya mbele, pamoja na springi zake. Hivyo vilivyosagwa usivihamishie kokote. Kabla ya kufunga, kwangua kutu kwenye uso wa habu, kitovu ambacho dramu hufungwa juu yake, mpaka chuma kionekane. Chembe ya kutu nyuma ya dramu inaifanya ikae upande, na pedali itakuwa inakupiga mguuni. Dramu mpya huja imepakwa mafuta ya kuzuia kutu, kwa hiyo ioshe ndani kwa maji ya moto na sabuni, uifute ikauke. Usioshe kwa dizeli, inaacha utando. Ukikuta oili ya habu imevujia kwenye bamba, badilisha sili kwanza, maana lainingi iliyokunywa oili haisafishiki, hata wakikuambia waichome kwa petroli.

Kisha paka chaki ndani ya dramu, ifunge, kaza ajasta viatu viguse kidogo, zungusha mara chache, legeza, fungua. Tazama lainingi: chaki ikienea sehemu kubwa, umbo linakubaliana. Ikibaki kwenye ncha tu, peleka viatu na dramu kwa mkerezaji avilinganishe. Funga skrubu tatu za dramu, kaza kila ajasta mpaka tairi likwame, halafu rudisha kidogo kidogo mpaka lizunguke huru. Baada ya kilomita 200 hivi, rekebisha tena.

Kinachonitia hofu zaidi ni hatua ambayo fundi wa aina hiyo huifikia baadaye. Gari likiendelea kuvuta kushoto, anaziba bomba la breki la kushoto kwa msumari au gololi. Usukani unatulia, mwenye gari anashukuru, halafu anapakia magunia ya korosho na kushuka Rondo au mteremko wa Newala akiwa na breki pungufu. Dramu zilizobaki zinabeba kazi yote, zinapata moto, zinapanuka zikiviacha viatu nyuma, na pedali inazama.

Kwa hiyo yeyote anayenunua gari la namna hii asikubali maneno. Weka magogo mbele na nyuma ya matairi yaliyobaki chini. Breki ya mkono ya Series inashika shafti inayotoka giaboksi, haishiki matairi yenyewe, na ukinyanyua tairi moja la nyuma gari linaweza kuondoka juu ya jeki. Nyanyua tairi moja moja, mtu akanyage pedali, wewe jaribu kulizungusha. Tairi litakalozunguka wakati pedali imekanyagwa, fuata bomba lake kuanzia silinda, ukifungua kila nati, mpaka ukione kilichoziba humo.