Maswali ya Wasomaji: Mtutu wa Bunduki Uwe na Urefu Gani?

SWALI: Ndugu Mhariri, nina kibali cha kumiliki silaha na ninakusudia kununua bunduki moja tu, ya risasi za .308 Winchester, itakayonifaa kwa kuwinda msituni na pia kwa mashindano ya kulenga shabaha katika umbali wa mita 900. Muuzaji ananishauri nichukue yenye mtutu wa sentimita 66 kwa sababu, kwa maneno yake, mtutu mrefu hulenga vizuri zaidi. Mwindaji mwenzangu, ambaye ni mkongwe katika kazi hii, anasisitiza kwamba sentimita 51 zinatosha kabisa. Nimsikilize nani?

JIBU: Ndugu msomaji, tuanze na sababu aliyoitoa muuzaji, maana ndiyo inayowapoteza wanunuzi wengi. Urefu wa mtutu hauongezi usahihi wa shabaha. Unachoongeza ni kasi ya risasi. Baruti inapowaka hugeuka gesi yenye shinikizo kubwa, na gesi hiyo huendelea kukisukuma kichwa cha risasi kwa muda wote ambao bado kimo ndani ya mtutu. Hata hivyo, shinikizo hushuka upesi kadiri nafasi iliyo nyuma ya kichwa inavyopanuka, na ndiyo maana sentimita za mwisho za mtutu huleta faida ndogo kuliko zile za mwanzo. Kwa .308, kila sentimita 10 zinazoongezwa katika urefu wa kawaida wa bunduki za kuwindia huleta mita 25 hadi 30 hivi kwa sekunde. Kwa risasi zenye baruti nyingi inayoungua polepole, kama .300 Winchester Magnum, faida ni kubwa zaidi, nayo yaweza kufika mita 35 hadi 50 kwa sekunde. Kwa hiyo mtu hawezi kuuliza urefu unaofaa bila kwanza kutaja risasi anayoitumia.

Usahihi hutoka kwingine: ubora wa mifereji inayozunguka ndani ya mtutu, chemba (tundu la nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa) iliyochongwa ikawa sambamba na mtutu wenyewe, mdomo wa mtutu usio na mkwaruzo, na risasi ambazo kasi yake haitofautiani sana moja hadi nyingine. Tena, mtutu mrefu una udhaifu wake. Risasi inapofyatuliwa mtutu hutikisika, na ikiwa unene ni uleule, ulaini wake wa kupinda hukua kwa kipeo cha tatu cha urefu. Maana yake ni kwamba mtutu wa sentimita 65 hupinda kirahisi zaidi ya mara mbili kuliko wa sentimita 50. Unene nao hufanya kazi kwa nguvu zaidi, kwa kuwa kuongeza kipenyo cha nje kwa asilimia 10 tu huongeza ugumu wa mtutu kwa karibu nusu. Mitutu ya mashindano ni minene kwa sababu hiyo, na pia kwa sababu chuma kingi huchelewa kupata joto pale mlengaji anapofyatua risasi nyingi mfululizo.

Imani ya muuzaji huyo, hata hivyo, haikuzuka hewani. Zamani bunduki zilitumia baruti nyeusi, ambayo ilihitaji mtutu mrefu ili ifikishe risasi kwenye kasi ya kuridhisha, na walengaji walitumia vilengeo vya chuma. Kilengeo cha mbele kikiwa mbali na cha nyuma, kosa dogo la jicho huleta upotovu mdogo kwenye shabaha. Anayetumia darubini hanufaiki na jambo hilo hata kidogo, kwa kuwa darubini hukaa palepale mtutu uwe mrefu au mfupi.

Sasa tuingie msituni. Tuseme kichwa cha risasi chenye uzito wa gramu 10.7 kinatoka kwenye mtutu wa sentimita 61 kwa kasi ya mita 820 kwa sekunde. Ukitumia mtutu wa sentimita 51, kasi hiyo itakuwa mita 790 hivi, na nishati itapungua kwa takriban asilimia 7. Namba hizo huwatisha watu zinaposimama peke yake, lakini hebu zitazameni kwa njia nyingine: risasi ya aina hiyo hupoteza mita 30 za kasi ndani ya safari ya mita 50 tu. Kumbe mwenye mtutu mfupi yuko katika hali ileile ya mwenye mtutu mrefu ambaye mnyama wake amesimama mita 50 mbele zaidi. Vichwa vingi vya kuwindia huhitaji kugonga kwa kasi ya mita 550 hivi kwa sekunde ili vifunguke ipasavyo na kumwangusha mnyama bila kumtesa, na .308 iliyotoka kwenye mtutu wa sentimita 51 huwa bado na kasi hiyo hata ikipita mita 300. Msituni, ambako mara nyingi mnyama huonekana katika umbali usiofika hata mita 100, upungufu huo hauna uzito wowote.

Kinachokuwa na uzito ni uzito wenyewe, pamoja na matawi. Mtutu mwembamba wa kuwindia una gramu 100 hivi kwa kila sentimita 10 za upande wa mdomoni, ilhali mtutu mnene wa mashindano hukaribia gramu 300 kwa kipande hichohicho, na zote hizo hukaa mbele kabisa, mahali ambapo mkono huchoka mapema. Mwindaji anayepenya vichakani huku akiinama, akageuka ghafla kumfuata nguruwe mwitu, ataujua mtutu wa sentimita 66 pale utakaponasa kwenye mti wakati hana hata sekunde ya kupoteza. Mwenzako mkongwe anasema kweli kuhusu jambo hilo.

Uwanjani mambo hugeuka. Katika mita 900, risasi ya .308 imekwisha kuchoka, na swali kubwa ni iwapo itafika ikiwa bado inaizidi kasi ya sauti, ambayo ni mita 340 hivi kwa sekunde hewa ikiwa na nyuzijoto 15. Inapoikaribia kasi hiyo, vichwa vingi vya risasi huanza kuyumba, na risasi ambazo katika mita 700 zilikusanyika vizuri hutawanyika bila sababu inayoonekana. Mita 30 au 45 za ziada kwa sekunde mwanzoni mwa safari ndizo zinazoweza kuvusha risasi hadi kwenye ubao ikiwa bado imetulia. Aidha, risasi inayofika mapema husukumwa kidogo na upepo, na kwa mlengaji wa mbali upepo ndio adui mkubwa. Kushuka kwa risasi hupimika na kurekebishwa kwenye darubini, lakini upepo hubadilika katikati ya pumzi. Walengaji wa mashindano ya Palma, yanayofika yadi 1,000, yaani mita 914, na ambayo historia yake inaanzia mwaka 1876, hutumia .308 yenye mitutu inayofikia hata sentimita 76. Wao hulala chini na bunduki zao hazipiti vichakani.

Kwa kuwa unataka bunduki moja tu, ushauri wangu ni mtutu wa sentimita 61 wenye unene wa wastani. Utakusumbua kidogo msituni, lakini hautakuangusha katika mita 900 iwapo utachagua kichwa chenye umbo linalokata hewa vizuri. Kama mashindano yako yangekuwa yanakomea mita 600, ningekuambia bila kusita umfuate mwenzako. Na kama bado hujaamua kabisa aina ya risasi, ifikirie 6.5 Creedmoor, iliyotoka mwaka 2007. Vichwa vyake virefu na vyembamba hushika kasi vizuri, hivyo hata mtutu wa sentimita 56 huivusha mita 900 ikiwa juu ya kasi ya sauti.

SWALI: Ninayo bunduki ya .308 yenye mtutu wa sentimita 61, na ninataka kufunga mdomoni kiwambo cha kupunguza sauti, lakini nahofia itakuwa ndefu mno. Je, nikiukata mtutu ubaki sentimita 46 nitauharibu?

JIBU: Ukikatwa vizuri hautaharibika. Kasi itapungua kwa mita 40 hivi kwa sekunde, na kiwambo, ambacho mara nyingi huongeza sentimita 15 hadi 20, kitaurudisha urefu karibu na pale ulipokuwa. Bila kiwambo, mtutu wa sentimita 46 una mlipuko mkali na mwanga mkubwa mdomoni, kwa sababu gesi hutoka ikiwa bado na shinikizo kubwa. Mlio wa bunduki ya namna hiyo hupita desibeli 150, nao hudhuru masikio hata kwa risasi moja, hivyo usiifyatue bila vikinga masikio, na hata ukiwa na kiwambo ni vyema kuvivaa.

Kabla ya jambo lolote, isome sheria ya mahali ulipo. Nchi nyingi huweka urefu wa chini unaoruhusiwa, na nyingine hutaka kibali maalumu kwa ajili ya kiwambo. Marekani, kwa mfano, huweka inchi 16, yaani sentimita 40.6, kwa bunduki yenye mtutu wa mifereji, na kwenda chini ya hapo bila kibali ni kosa la jinai.

Upime mtutu wenyewe kabla ya kumpelekea fundi, maana wengi huupima kimakosa kwa kuanzia pale chuma kinapotokeza kwenye kitako. Hakikisha kwa jicho na kwa kidole kwamba chemba na magazini hazina risasi. Funga bolti, yaani chuma kinachoziba chemba kwa nyuma, kisha ingiza ufito wa kusafishia kupitia mdomoni, taratibu, mpaka ncha yake iguse uso wa bolti. Weka alama kwa kipande cha utepe wa gundi pale ufito unapotokea mdomoni, uutoe, upime kutoka ncha hadi alama. Huo ndio urefu wa mtutu, na chemba imo ndani ya hesabu hiyo. Kifaa chochote kinachofunguliwa mdomoni hakihesabiwi.

Kazi ya kukata mwachie fundi wa silaha mwenye leseni na mashine ya kereza. Ukingo wa mdomo ndio sehemu ya mwisho inayokigusa kichwa cha risasi. Ukiwa umeinama upande mmoja, gesi itatangulia kutoka upande huo na kukipinda kichwa wakati kinapoachana na mtutu. Msumeno wa mkono hauwezi kuuchonga ukingo huo ipasavyo. Baada ya kukata, lazima darubini ilinganishwe upya.

SWALI: Ninamfundisha mwanangu kulenga kwa bunduki ya .22 Long Rifle katika mita 50. Je, mtutu mrefu utampa kasi zaidi?

JIBU: Hapana. Risasi hiyo ina baruti kidogo mno, nayo hufikia kasi yake ya juu ndani ya sentimita 40 hadi 45 hivi. Ukizidi hapo, msuguano huanza kuipunguza kasi badala ya kuiongeza. Mchagulie urefu kwa kuangalia mikono yake: bunduki aweze kuishika akiwa amesimama bila mgongo kupinda kuelekea nyuma, na kitako kimtoshe begani. Akifikia kutumia vilengeo vya chuma kwenye mashindano, upo mrija mtupu unaofungwa mdomoni ili kukisogeza mbele kilengeo bila kuigusa risasi, na wengi wa walengaji wa mita 50 hutumia njia hiyo.