Kopo la sheki na chungu cha nyumbani: majibu kwa wasomaji

Barua nyingi za mwezi huu zimeuliza jambo moja: unga wa sheki, chai na vidonge vya kupunguza mwili. Tumechagua tano. Majina tumeyaacha, kama wenyewe walivyoomba.

SWALI: Assalamu alaikum. Nina miaka 34, kilo 86, urefu sentimita 158. Nilikuwa nikinywa sheki asubuhi na usiku badala ya chakula, mchana nakula kama kawaida. Wiki mbili za mwanzo nilipungua kilo 4. Makopo yalipokwisha nikarudi kwenye chakula cha nyumbani, na ndani ya mwezi mmoja zimerudi zote na nusu kilo juu yake. Mwili wangu una kasoro? Ninunue kopo jengine? (Mama wa watoto watatu, Wete)

JIBU: Waalaikum salaam, dada yetu. Mwili wako hauna kasoro yoyote. Ini na misuli huweka akiba ya wanga, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa na maji gramu 3 hivi. Ukikata chakula ghafla akiba inatumika, maji yanatoka kwa mkojo, na mizani inashuka upesi siku za mwanzo. Uliporudi kwenye wali, akiba ikajaa na maji yakarudi nayo. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni kama kalori 7,700. Kuyeyusha kilo 4 kwa wiki mbili kungetaka upunguze kalori 2,200 kila siku, na hicho pengine ndicho chakula chako chote cha siku.

Hata hivyo tuseme kweli: sheki ilifanya kazi, na ilifanya kwa sababu ya kipimo. Mlo mmoja wa sheki ukichanganywa kama kopo linavyoelekeza huwa na kalori 200 hadi 250 na protini gramu 15 hadi 20. Sasa tazama ulichokiacha. Chapati mbili za kusukuma zilizopakwa mafuta hufika kalori 550, na kikombe cha chai ya maziwa chenye vijiko vitatu vya sukari kinaongeza 120. Asubuhi moja tu umeacha kalori zaidi ya 400. Chapati ulizoziacha ndizo zilizokupunguza, na kopo halikukufundisha la kufanya siku utakapozirudia.

Kipimo hicho unacho jikoni kwako. Kikombe cha kunde zilizochemshwa kina kalori 200 hivi, protini gramu 13 na nyuzinyuzi gramu 11. Kalori ni zile zile za sheki, lakini kunde zinatafunwa, zinakaa tumboni, na zinakupa karibu nusu ya nyuzinyuzi gramu 25 unazohitaji kwa siku. Wengi wanaoishi kwa sheki wanalalamika choo kigumu na njaa inayowaamsha saa nne usiku. Sababu ndiyo hiyo: kinywaji hupita tumboni haraka, na nyuzinyuzi ndani yake mara nyingi ni chache.

Asubuhi kula mayai mawili ya kuchemsha na kipande cha muhogo wa kuchemsha cha gramu 120, karibu ukubwa wa kiganja, na chai ya rangi bila sukari. Jumla ni kalori 330 hivi. Mchana na usiku igawe sahani: nusu mboga (mchicha, mtoriro, kachumbari ya tungule na matango), robo samaki, pweza au kunde, robo wali, ugali, shelisheli au ndizi mbichi. Samaki awe na upana na unene wa kiganja chako, vidole usivihesabu. Pweza ni hazina tuliyonayo baharini petu: gramu 100 za pweza aliyepikwa zina protini gramu 30 hivi kwa kalori zisizofika 170. Wali upime kwa kikombe kabla haujafika kwenye sahani. Kikombe kimoja cha wali mweupe ni kalori 200. Usipakue kwa upawa ukakisia, maana upawa wa leo huwa mkubwa kuliko wa jana.

Palipo na siri ni kwenye tui na mafuta. Nyama ya nazi moja ya wastani, yaani gramu 400, ina mafuta gramu 130 hivi, na sehemu kubwa ya mafuta hayo hutoka kwenye kasimile, lile tui zito la mwanzo. Hatukwambii uache nazi. Mchuzi upike kwa tui la pili, lile jepesi, kisha ukikaribia kuepua tia vijiko vinne vya kula vya kasimile kwa chungu cha watu watano. Ladha itakuwepo. Wali wa nazi uwe wa siku moja au mbili kwa wiki, na siku hiyo mchuzi uwe wa tungule bila tui, tui lisikutane na tui kwenye sahani moja. Mafuta ya kupikia yapime kwa kijiko: kijiko kimoja cha kula ni kalori 120, na ukimimina moja kwa moja kutoka kwenye dumu unatia vitatu au vinne bila kujua.

Lengo lako la kwanza liwe kilo 4 hadi 8 kwa miezi sita. Kiasi hicho kinatosha kuanza kushusha presha na sukari. Jipime mara moja kwa wiki, siku ile ile, asubuhi baada ya choo na kabla ya kula. Pima na kiuno kwa utepe wa fundi cherahani. Kwa mwanamke hatari huanza kupanda kiuno kinapopita sentimita 80, na huwa kubwa kinapopita 88. Kiuno kinaweza kupungua wakati mizani imekwama, kwa hiyo usiamini mizani peke yake.

Kama bado unataka sheki, bakisha moja, kwa ile asubuhi ya haraka ambayo bila ya hiyo ungenunua maandazi njiani. Ichanganye na maji. Bilauri ya maziwa yasiyoondolewa mafuta inaongeza kalori 150. Na usinywe sheki kisha ukala. Hilo ndilo kosa tunaloliona zaidi ya yote.

SWALI: Nimenunua chai ya kupunguza tumbo kwa mtu anayeuza kwa simu. Pakiti inasema ni mimea tupu. Tumbo linaendesha kila siku, njaa sina kabisa, mdomo mkavu, na usiku moyo unakwenda mbio silali. Muuzaji anasema sumu inatoka. Niendelee? (Msomaji, Mwanakwerekwe)

JIBU: Acha leo, wala usimalizie pakiti. Hapo kuna mambo mawili, na la pili linatutia hofu.

La kwanza ni kuendesha. Chai nyingi za aina hii hutiwa sanamaki, ambayo wazee wetu waliitumia kwa choo kigumu, siku moja au mbili, wakaacha. Sanamaki hufanya kazi kwenye utumbo mpana, na chakula kinapofika huko kalori zake nyingi zimeshafyonzwa kwenye utumbo mwembamba. Unachopoteza ni maji na madini, hasa potasiamu, na potasiamu ikishuka misuli inalegea na mapigo ya moyo yanavurugika. Ukiitumia kwa wiki nyingi, utumbo unaweza kuzoea usukumwe. Kama unatumia vidonge vya uzazi wa mpango, jua pia kwamba kuendesha sana kunaweza kuvifanya visifanye kazi.

La pili ni njaa kupotea ghafla, mdomo kukauka, usingizi kukimbia na moyo kwenda mbio. Hizo ni dalili ambazo sibutramini huzitoa. Ilikuwa dawa ya hospitali ya kupunguza uzito, ikaondolewa Ulaya na Marekani mwaka 2010 baada ya kuonekana kuongeza mshituko wa moyo na kiharusi kwa wenye maradhi ya moyo. Tangu hapo imekuwa ikigunduliwa mara kwa mara, nchi mbalimbali, imefichwa ndani ya chai, kahawa na vidonge vinavyoandikwa kuwa ni mimea tupu. Hatusemi pakiti yako inayo. Hilo maabara pekee ndiyo itasema. Dalili zako lakini zinatosha kukupeleka hospitali kupima presha, mapigo ya moyo na, ikiwezekana, potasiamu. Ukihisi maumivu ya kifua, kuzimia, au upande mmoja wa mwili kulegea, nenda saa hiyo hiyo. Chukua pakiti, hata ikiwa tupu, umwoneshe daktari, kisha ifikishe kwa Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, ZFDA, ili wengine wasidhurike.

Na hilo la sumu: kazi ya kuiondoa ni ya ini na figo, usiku na mchana, bila chai hiyo. Kuendesha kwako kunazipa figo kazi ngumu zaidi, kwa sababu maji yamepungua.

Ukitaka kuikagua bidhaa yoyote kabla ya kununua, tafuta jina na anwani ya mtengenezaji, namba ya toleo, tarehe ya kwisha, na orodha ya viambato yenye vipimo. Kikikosekana kimoja, rudisha. Ahadi ya kilo kadhaa kwa idadi ya siku ni sababu ya kutosha kuiacha dukani.

SWALI: Mimi ni mzee wa miaka 52, nina sukari, natumia glibenklamaidi na metformini. Kijana wangu ameniletea sheki, anasema huko Uingereza watu wameacha dawa za sukari kwa sheki. Ni kweli? (Baba, Mkoani)

JIBU: Shikamoo, mzee wetu. Kijana hakudanganya, ila kuna nusu hakukwambia. Utafiti uitwao DiRECT, uliochapishwa 2017, uliwapa wagonjwa wa sukari vinywaji vya kalori 825 hadi 853 kwa siku kwa miezi 3 hadi 5, kisha ukawarudisha kwenye chakula hatua kwa hatua. Baada ya mwaka, karibu nusu yao sukari ilikuwa imetulia bila dawa. Lakini walikuwa watu wenye ugonjwa usiozidi miaka 6, wasiotumia insulini, na wahudumu wa afya ndio waliozisimamisha dawa zao za sukari na presha siku ya kwanza, kisha wakawafuatilia.

Wewe ukinywa sheki huku unameza glibenklamaidi, kidonge kitaendelea kulisukuma kongosho litoe insulini hata kama tumbo ni tupu, na sukari itaporomoka. Ukitetemeka, ukitoka jasho baridi au ukichanganyikiwa, pima. Ikiwa chini ya 4 (kwa kipimo cha mmol/L), au huna kipimo, koroga vijiko vidogo vinne vya sukari kwenye maji, unywe, ungoje dakika 15, upime tena. Ikipanda, kula kipande cha boflo au muhogo. Watu wa nyumbani wajue pia kwamba aliyepoteza fahamu hatiwi kitu mdomoni. Alazwe ubavu na akimbizwe hospitali. Kwa hiyo kopo lifunge kwanza, ulipeleke kliniki pamoja na dawa zako zote, muulize daktari wako kama figo na dawa zinaruhusu na nani atakufuatilia.

SWALI: Sheki ya dukani ni ghali. Naweza kutumia juisi ya parachichi na maziwa badala yake? (Mwanafunzi wa chuo, Unguja)

JIBU: Kama kinywaji kitamu, ndiyo. Kama cha kupunguza mwili, hapana. Nusu parachichi, bilauri ya maziwa na vijiko viwili vya kula vya sukari ni kalori 400, karibu sheki mbili za dukani. Kula hiyo nusu parachichi kwa kijiko, na yai moja pembeni.

SWALI: Ramadhani nataka daku langu liwe sheki tu, nilale haraka. Inafaa? (Bibie wa Chake Chake)

JIBU: Saa nne asubuhi utakuwa na njaa. Loweka choroko au kunde mchana, zichemshe pamoja na futari, uweke kikombe kimoja cha daku. Ongeza bilauri ya mtindi na maji bilauri mbili. Hakuna cha kupika alfajiri, utalala haraka vile vile. Futari anza kwa tende tatu na maji, swali, kisha rudi kwenye sahani. Sambusa au kachori, chagua moja, na uji usitie sukari kwa sababu tende umeshakula.