Kabla hujanunua lori la kwenda California

Wewe unayeanza kazi ya malori hapa Marekani, hasa kama unataka kuacha kuajiriwa ununue lori lako, nina neno nawe kuhusu California. Bandari za Los Angeles na Long Beach zina mizigo mingi, lakini sheria za moshi za jimbo hilo zimewakwamisha wageni wengi wakiwa bado na deni la lori shingoni.

Anza na injini. Tangu Januari 2023, lori la dizeli la uzito wa zaidi ya pauni 14,000 kwa kawaida haliruhusiwi kufanya kazi kule kama injini yake ni ya kabla ya 2010. Angalia vizuri: mwaka wa injini, si mwaka wa lori. Lori lililoandikwa 2010 kwenye hati mara nyingi limefungwa injini ya 2009, na muuzaji anaweza kukaa kimya. Kwa hiyo usiishie kwenye hati. Fungua boneti, tafuta kibandiko cha viwango vya moshi kwenye injini yenyewe, futa grisi, soma mwaka, piga picha. Kibandiko kikiwa hakipo au kimekwanguliwa, achana na lori hilo. Kisha nenda kwenye ekzosi, bomba likiwa limepoa, upitishe kidole ndani. Chujio la masizi likiwa zima, bomba huwa safi. Kidole kikitoka cheusi tii, chujio limepasuka au kuna mtu amelitoa.

Na wewe utashawishiwa ulitoe. Fundi atakuambia utaokoa mafuta na taa ya injini haitakusumbua tena. Kataa. Ni kosa kwa sheria ya nchi nzima, si ya California tu. Tena mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani la WHO lilitangaza kwamba moshi wa dizeli unasababisha saratani. Wanaouvuta ni sisi tunaolala ndani ya malori, na watoto wa Long Beach magharibi wanaosoma shule zilizo kando ya barabara ya makontena. Sheria hii inatuumiza mfukoni, na bado naiunga mkono kwa moyo wote.

Maumivu yenyewe mengi yanatokana na namna tunavyoendesha. Chujio hukusanya masizi na kuyachoma ekzosi ikipata joto la kutosha, yaani lori likiwa na mzigo kwenye barabara kuu. Ukishinda kwenye foleni ya bandari, ukifanya safari fupi fupi, ukilala injini ikinguruma usiku kucha, masizi hayaungui, yanajaa. Lori likiomba kuchoma masizi hayo, tafuta mahali salama uliache limalize. Usilikatishe kwa sababu dalali wa mizigo anapiga simu. DEF nayo, yaani kimiminika cha kusafisha moshi wa dizeli, inunue mpya, iliyofungwa. Ni urea asilimia 32.5 na maji yaliyosafishwa, kwa hiyo usiongeze maji ya bomba hata kidogo. Ukiona ukoko mweupe kama chumvi kwenye mdomo wa tangi lake, ufute kabla ya kujaza, maana uchafu ukiingia ndani unaweza kuharibu pampu.

Halafu kuna kipimo. Mpango wa California wa kupima moshi, Clean Truck Check, unataka kila lori lisajiliwe, lilipiwe ada ya kama dola 30 kwa mwaka, na tangu 2025 malori mengi yapimwe mara mbili kwa mwaka. Namba za Texas au Ohio hazikuokoi. Ukiingia California, unahusika. Dalali anatakiwa kuhakikisha una cheti kabla ya kukupa mzigo. Injini za dizeli za 2013 na kuendelea hupimwa kwa kuunganisha kifaa kwenye kompyuta ya lori. Za zamani hupimwa weusi wa moshi na kukaguliwa kwa macho. Usifute kumbukumbu ya hitilafu asubuhi ya kipimo. Kompyuta inaonyesha kwamba imefutwa karibuni.

Matokeo yanakubaliwa kuanzia siku 90 kabla ya tarehe yako ya mwisho. Pima wiki ya kwanza ya hizo siku. Kihisio kikigundulika kibovu mapema, una muda wa kuagiza kingine, kukifunga, kulitembeza lori barabara kuu na kurudi kupima tena huku cheti cha zamani bado kinakuruhusu kubeba mizigo.