Zima chaja kwanza: niliyojifunza kwenye mawimbi ya mita 2,200

Nikiwaambia wenzangu kwamba usiku wa baridi huwa niko bustanini nje ya Hamburg nikirusha mawimbi ya redio kwenye 137 kHz, swali la kwanza ni, "Una wati ngapi?" Siwalaumu, maana hata mimi nilianzia hapo. Nilinunua kipaza nguvu kabla sijajua kama nasikia chochote. Ningekuwa naanza leo, mwaka mzima wa kwanza ungekuwa wa kusikiliza tu.

Kwa asiyeijua bendi hii: mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio wa mwaka 2007 ulitupa sisi wa redio za ridhaa (tunaorusha kwa kujifurahisha tu) kipande cha kutoka 135.7 hadi 137.8 kHz. Ni kipande chembamba, sauti ya mtu mmoja akiongea haienei humo vizuri. Nguvu inayoruhusiwa kutoka kwenye antena ni wati 1. Na wimbi moja lina urefu wa karibu mita 2,190, kwa hiyo antena ya robo wimbi ingehitaji mnara wa zaidi ya mita 540. Mimi nina nguzo ya mita 9.

Turudi kwenye kusikiliza. Nilianza nyumbani, ghorofa ya tatu, waya ukining'inia dirishani. Nilichopata ni mvumo mmoja usiokatika, kama nyuki kwenye debe. Siku moja nikazima swichi kuu ya umeme ya nyumba nzima, nikabaki na redio ya betri na kompyuta mpakato. Sehemu kubwa ya mvumo ikanyamaza palepale. Nikawa narudisha kifaa kimoja kimoja: friji haina neno, taa ya LED ya jikoni ina kelele, chaja ya simu ndiyo jambazi lenyewe. Fanya hivyohivyo. Ukimaliza ya kwako, chukua redio ndogo ya AM, itembeze kandokando ya kuta, utajua na ya jirani inatokea wapi. (Ya jirani huwezi kuizima. Nilijaribu kumpelekea maandazi, akala, chaja ikabaki ukutani.)

Ukiwa Ulaya una kipimo cha bure: kituo cha DCF77 cha Mainflingen, karibu na Frankfurt, kinachorekebisha saa za ukutani kwa 77.5 kHz. Kikisikika kwa shida ilhali uko Ujerumani, usihangaike kubadilisha redio, badilisha mahali. Uangalie pia 138.83 kHz, kituo cha Burg karibu na Magdeburg, maana kiko juu kidogo tu ya bendi yetu na kina nguvu ya kulewesha redio isiyo na kichujio kizuri.

Mimi nilihamia kwenye kibustani cha kukodi nje ya mji. Hakina umeme. Nilidhani hiyo ni kasoro, kumbe ndiyo bahati yangu. Hapo ndipo, asubuhi ya tarehe 24 Desemba, nilipoisikia SAQ.

SAQ ni kituo cha Grimeton, Uswidi, kilichoanza kazi mwaka 1924 kupeleka simu za maandishi Marekani. Hakina valvu wala transista kwenye kurusha: kuna mashine ya Alexanderson, jenereta ya chuma inayozunguka kasi hadi umeme wake wenyewe unakuwa wimbi la 17.2 kHz. Leo ni urithi wa dunia wa UNESCO, na mara chache kwa mwaka, mkesha wa Krismasi ukiwemo, wanaiwasha. Uzuri wake ni kwamba 17.2 kHz ni chini sana, kadi ya sauti ya kompyuta inaweza kuipokea yenyewe. Nilisokota waya mara nyingi kwenye fremu ya mbao, nikauchomeka kwenye tundu la maikrofoni, nikafungua programu. Kama kilomita 400 kutoka pale, ikaja taratibu, kwa Morse (herufi za nukta na vistari): V, V, V, kisha jina lake. Anayeanza, aanzie hapa. Haihitaji redio hata moja.

Kurusha ni habari nyingine, na leseni inatangulia. Antena fupi hivi inataka koili kubwa, yaani waya uliosokotwa, ili ikubali masafa haya. Yangu niliisokota kwenye ndoo ya plastiki, mizunguko zaidi ya 200. Kwa ampea 1 tu, juu ya koili kunakuwa na volti zaidi ya 6,000, kwa hiyo usiiguse, usimruhusu mtoto akaribie, na usiiache inyeshewe. Yangu ilinyeshewa. Cheche ilipita pembeni mwa ndoo, plastiki ikanuka bustani nzima, nikaanza upya.

Sasa hesabu iliyonifunza adabu. Upinzani wa mfumo wangu wote ulikuwa kama omu 110, karibu wote umo ardhini. Nilipochimbia fito za erthi (vyuma vinavyounganisha mfumo na udongo) zaidi na kutandaza waya chini ya nyasi, ukashuka hadi 60. Sehemu inayorusha kweli ni kama omu 0.02. Maana yake, nikisukuma wati 60, inayoruka angani ni wati 0.02 hivi, nyingine inapasha moto udongo na mizizi ya miti ya matofaa. Kuongeza kipaza nguvu ni kuzidi kuupikia udongo. Fedha yako ipeleke kwenye erthi.

Na kwa wati 0.02 unafika? Unafika, ukienda polepole. Wakongwe wanatuma Morse ambayo nukta moja inachukua sekunde 3, au 30, na huisomi kwa sikio bali kama mchoro kwenye skrini. Mimi natumia WSPR, programu ya kompyuta ya ishara dhaifu, aliyoitoa mwaka 2008 Joe Taylor, mwanafizikia wa Nobel: ujumbe mfupi wa karibu dakika 2, unaanza dakika shufwa. Saa ya kompyuta ikikosea sekunde chache, umerusha bure. Wiki mbili nililaumu antena, kumbe ni saa.

Chagua usiku wa majira ya baridi. Mchana tabaka la chini la ionosfia (anga ya juu inayorudisha mawimbi chini) linameza sehemu ya wimbi, na kiangazi cha Ulaya kina radi. Walioko Mwanza au Kisumu wajiandae zaidi: ngurumo za Ziwa Victoria na za Kongo ziko mlangoni kwenu, na mikwaruzo yake ndiyo hasa inayojaa kwenye masafa haya. Wala msitegemee alfajiri: radi za ziwani hupiga hasa usiku hadi asubuhi mapema.

Januari iliyopita, saa tisa usiku, vidole vimekufa ganzi, mstari mmoja ulitokea kwenye skrini: mpokeaji wa Norway alikuwa amenisikia, kilomita 900 na ushei. Nikakaa dakika nne nikisubiri wa pili. Haukuja hadi keshokutwa yake.